Mkanda wa Kamata

"Kamata!" Fundi alipaza sauti kule gereji, na huku jikoni mkewe, aliyekuwa akikoroga uji wa mtoto, akajikuta amejibu, "Nimekamata!"

Alijibu kwa sauti kabisa, mwiko mkononi. Halafu akageuka huku na huku kama mtu aliyejikwaa njiani anayetaka kujua nani kamwona. Hakuna aliyemwona isipokuwa Bosi, mwanawe, aliyekaa mkekani akitafuna pembe ya nguo ya mama yake. Na upande wa pili wa ukuta sauti nyingine, changa na nyembamba, ikaitikia maneno yale yale: "Nimekamata, kaka!"

Mama akaugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, ta, ta, kwa nguvu ambayo uji wala haukuihitaji.

Kamata lilikuwa jina lake. Hakupewa na wazazi. Alilipata hapo hapo gereji, alipokuwa bi harusi mgeni, bado anaona haya kutafuna mbele ya mume. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na yeye alimaliza darasa la saba akijua kushona pindo na kuweka zipu, basi. Magari aliyajua kwa kuyapisha barabarani. Siku moja akampelekea mumewe chai, akamkuta anagombana na gari. Gari lile lilikuwa na feni yenye klachi katikati, dude zito la mviringo, na feni na klachi yake vimeshikwa kwenye pampu ya maji na nati moja tu, nene kama ngumi ya mtoto. Ukitaka kubadilisha pampu, lazima nati ile ifunguke kwanza. Na haikutaka. Kila Fundi alipoisukuma kwa spana, puli ya pampu, kile kigurudumu kinachovishwa mkanda, nayo ilizunguka, nati na puli zimeongozana kama maharusi wanaocheza dansi.

"Mungu angenipa mkono wa tatu!" Fundi alikuwa akilalamika.

Bi harusi akaweka birika chini. Kwa baba yake alishaona mkanda wa cherehani unavyolibana gurudumu. Akaokota mkanda wa gari wa zamani uliokatika na kutupwa pembeni, akauzungusha kwenye puli, akazikutanisha ncha zake kiganjani, akajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote.

"Piga sasa," alisema, macho chini.

Fundi alimtazama kwanza. Kisha akachukua nyundo, akaipiga spana pigo moja fupi la hasira, na nati ikaachia. Tangu hapo mambo yakawa hivyo: yeye anasema "Kamata!", mkewe anajibu "Nimekamata!", nyundo inashuka. Wateja wakalishika jina, likamfuata hadi sokoni. Na mkanda ule nao ukapata cheo. Ukapigiwa msumari wake ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa kuufungia mzigo.

Halafu akaja Bosi. Walimwita hivyo kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyefanya lolote nyumbani mle bila ruhusa yake. Fundi akamwita mdogo wake wa kike aje amshike mtoto, ili Kamata arudi kazini. Ndivyo walivyokubaliana. Wifi akaja na begi lake moja, na mafuta yake ya kujipaka yenye harufu ya maua inayoingia mlangoni kabla yake. Bosi aliinusa harufu ile, akaangua kilio. Wifi akimbeba, analia. Wifi akimrukisha, analia. Wifi akijificha nyuma ya mlango na kumchungulia, ndiyo kabisa anapaliwa. Akirudishwa kifuani kwa mama yake ananyamaza papo hapo, na kumtazama wifi kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi.

Mama alisema, "Pole, wifi, atakuzoea tu." Alisema vizuri. Moyoni alikuwa akisikia raha ambayo hakuitolea maelezo.

Raha ile ilikuja kumtokea puani. Maana wifi hakuwa mtu wa kukaa tu akila. Alipoona mtoto hamtaki, akachukua kazi ya kufua nepi, na zikishaanikwa anakwenda gereji kumshikia kaka yake taa. Baadaye akawa anaosha spana. Baadaye tena akatokea uani amevaa ovaroli, ovaroli ya Kamata.

"Nimeiazima, wifi, nguo zangu zinaisha kwa oili," alisema, akajigeuza aonekane na nyuma.

Ilimkaa kama ameshonewa. Mwenyewe alikuwa ameijaribu baada ya kujifungua, ikamkwama mapajani, akaivua akiwa amejifungia chumbani.

"Imekupenda," mama alisema, na mate yakawa machungu mdomoni.

Siku hiyo hiyo aliingia gereji akijifanya anafagia. Akautoa mkanda msumarini, akaukunja, akaenda kuufukia chini ya kikapu cha nepi za Bosi. Ovaroli wamechukua, haya. Mkanda hapana.

Leo asubuhi, wakinywa chai, Fundi alikuwa ametoa neno.

"Gari la mikate linakuja, pampu inavuja. Nati yake ya feni haijaguswa tangu gari litoke kiwandani. Mdogo wangu huyu akiiweza ile, gereji imepata mtu. Na wewe, mama, utapumzika na mtoto wako, usihangaike tena."

Alilisema kwa upendo, na ndiyo maana liliuma. Angelisema kwa ukali, mtu angepata la kujibu.

"Nipumzike mpaka lini?" mama aliuliza.

"Aa, wewe pumzika hata mpaka Bosi aoe!"

Wakacheka, kaka na dada, kwa pua zile zile za kwao. Mama akainamia kikombe. Basi leo ndiyo siku yenyewe, aliwaza. Nati ikifunguka mkononi mwa wifi, mimi kwangu ni jikoni.

Sasa akampakata Bosi, akasogea dirishani. Dirisha la jikoni lilikuwa dogo lakini gereji yote iliingia humo. Gari la mikate, jeupe, lenye kutu chini ya milango, lilikuwa limeachama boneti. Maji ya rejeta yamekwisha kukingwa kwenye beseni. Wifi ameuzungusha mkanda mweusi kwenye puli, anauvuta kwa mikono miwili. Fundi ana spana na nyundo. Juu ya kreti tupu la mikate amekaa dereva, mtu wa maneno mengi, kazi yake siku hiyo kutoa ushauri ambao hakuombwa.

"Kamata!"

"Nimekamata!"

Nyundo ikashuka. Mkanda ukateleza, puli ikazunguka, wifi akakaa chini kwa makalio, pu!

"Umekamata nini, binti," dereva akauliza, "upepo?"

Mama hakucheka. Au tuseme hakucheka kwa sauti.

Fundi akauinua ule mkanda. Ulikuwa wa gari lenyewe, umechanika nyuzi na kulowa oili. "Huu umeutoa saa ngapi?"

"Ulipokwenda kuchukua pampu mpya. Si ulisema nao unabadilishwa?"

"Unabadilishwa, lakini unatoka mwisho! Ungekuwa umekazwa pale pale mahali pake, ungeizuia puli isizunguke. Kwanza nati, halafu mkanda."

"Aa."

"Eeh. Aa."

Mama akasubiri, maana alijua kinachofuata. Kosa hilo hilo alilifanya yeye zamani, na Fundi alimnunia mpaka jioni, akala chakula huku anatazama ukuta. Akajisogeza vizuri dirishani amwone wifi naye akinuniwa.

Fundi akacheka. Akaigonga kofia ya dada yake kwa kidole, akasema, "Haya, umejifunza. Hutarudia."

Mama akajiuliza: Kicheko hicho kilikuwa wapi zamani zile? Kilikuwa kimewekwa akiba kwa ajili ya nani?

"Si tuna mkanda wa Kamata!" Fundi akakumbuka, akageukia ukuta. Msumari ulikuwa mtupu. Akainama nyuma ya pipa la oili chafu, akapekua chini ya meza, kisha akaelekea dirishani. Mama aliwahi kurudi kwenye sufuria.

"Mama Bosi."

"Abee."

"Ule mkanda wetu hujauona?"

"Mkanda gani?"

"Ule wako. Haupo msumarini."

"Mimi niko na sufuria huku. Vitu vya gereji si viko huko huko kwenu?"

Lile "kwenu" lilimgusa Fundi. Alisita kidogo, kama mtu aliyekanyaga kokoto kwa kiatu chembamba, kisha akaondoka. Nyuma yake wifi alikuwa amesimama akifuta mikono. Alitazama dirisha, akatazama chini, akajitia kukagua spana.

Wakatafuta njia nyingine. Waliinyunyizia nati mafuta ya kulegeza kutu, wakayaacha yaingie huku dereva akiwasimulia jinsi fundi mmoja alivyofungua nati kama ile kwa kuitukana. Kisha Fundi akachukua bisibisi yake ndefu, akaichomeka kati ya bolti za puli ili iizuie isizunguke, akamwambia dada yake aishikilie. "Uibane, isiruke."

Pigo la kwanza, bisibisi ikapinda. Pigo la pili ikachomoka, spana ikaruka, na mkono wa wifi ukaburuzwa kwenye mapezi makali ya rejeta. Damu ikatoka kwenye vifundo vya vidole.

Wifi hakulia. Alivitia vidole mdomoni, akavinyonya, akatema, akavifunga kitambaa. "Tuendelee, kaka."

Afadhali angelia, mama aliwaza. Mtu aliaye utamhurumia yakaisha. Huyu alikuwa anafanya vile vile ambavyo yeye mwenyewe angefanya, na hilo lilimchoma kuliko ovaroli.

"Fundi wangu," dereva akasema, sasa bila mzaha, "mkate wa jioni unanisubiri. Nisipopakia leo, tajiri atampa mwingine zamu yangu, na huyo mwingine anaitamani kitambo."

Fundi akaikuna shingo. Kisha akaokota tindo. "Basi nitaikata."

Mama alijua maana yake. Tindo ikishaanza kuila nati, haisimami ilipoambiwa. Itaila nati, itaila na klachi ya feni, na klachi ya gari la umri ule huipati dukani ukaipenda bei yake. Dereva atarudi kwa miguu. Lakini pia, sauti ndogo ilimnong'oneza, nati ikikatwa haijafunguliwa. Hakuna atakayesema wifi kaiweza. Anyamaze tu. Kikapu cha nepi kilikuwa hapo hapo mguuni pake, kimekaa kama hakijui kitu.

Wifi akaurudisha mkono wake kwenye puli, ule wenye kitambaa, damu imekwisha kutokeza juu. Akaishika puli chini ya tindo na nyundo. Mama akauona mkono ule na nepi nyeupe zilizoanikwa kwenye kamba nyuma yake, zote kwa mpigo mmoja. Vidole hivyo ndivyo vilivyozifua asubuhi.

"Subirini!"

Alitoka na Bosi kiunoni, mkanda umening'inia begani. Fundi alibaki ameinua nyundo.

"Ulikuwa wapi huo?"

"Kwenye nepi."

"Loo," dereva akasema, "kumbe nao ni mdogo, bado unajikojolea!"

Fundi akaitupa tindo chini, akachukua spana.

"Nani anishikie mtoto?" mama akauliza. Dereva akanyoosha mikono. Bosi akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia, na dereva akairudisha mikono yake mwenyewe. Akabaki wifi.

"Atalia huyu, wifi," wifi alisema.

"Alie tu. Sichelewi."

Akamkabidhi, akakunja mikono ya gauni. Aliuzungusha mkanda kwenye puli, akaugeuza upande ule ambao puli ikitaka kukimbia ndiyo inazidi kujibana. Akazikutanisha ncha kiganjani, akatia mguu kwenye bampa, akaegemea nyuma. Mwili ulikuwa umebadilika, mzito zaidi nyuma kuliko zamani, na kwa kazi hiyo uzito ulikuwa neema.

"Kamata!"

"Nimekamata!"

Nyundo ikashuka. Nati haikutikisika, lakini puli nayo haikutikisika.

"Piga fupi," alisema. "Unaisukuma, wewe. Ishtue."

"Kamata!"

"Nimekamata! Piga, usinitazame!"

Pigo la pili likatoa mlio butu. La tatu mlio ukabadilika, ukawa mkavu, kama mtu aliyefinywa akataka kusema "ah" akajizuia. Spana ikasogea upana wa kucha. Dereva akasimama kwenye kreti lake. Pigo jingine, na nati ikalegea kabisa. Fundi akaitupa nyundo, akaizungusha kwa vidole mpaka feni na klachi yake vikamwangukia mikononi, vizima.

"Kamata wangu!" akapiga kelele.

"Ndiyo mimi," mkewe alisema, akihema. "Kwani ulikuwa na mwingine?"

Hakujibiwa, na kimya kile kikamshtua. Kilikuwa kimya kupita kiasi. Hakuna aliyekuwa akilia. Akageuka mbio, mkanda bado mkononi.

Bosi alikuwa amelala. Shavu lake lilikuwa limelalia kifua cha ovaroli, mahali penye doa kubwa la grisi, ngumi yake imeshika mfuko, mdomo wazi, udenda unamtiririka wifi mpaka kiunoni. Wifi alikuwa amesimama kama mtu aliyebebeshwa mayai, hathubutu kupumua.

"Umemfanya nini?" mama akauliza.

"Sijamfanya kitu, wifi! Amenusa tu. Amenusa, akanilalia."

"Leo hukujipaka yale maua yako."

"Nijipake maua gereji? Nanuka oili tu leo."

"Aaa!" Fundi akafurahi. "Kumbe siku zote alikuwa anataka harufu ya baba yake!"

"Ya mama yake," mama alisema haraka. "Ovaroli ni yangu."

Maziwa yakamchoma kifuani. Alikuwa ameipata gereji yake, nati imefunguka, jina limerudi, na hapo hapo mtoto ambaye hakutaka kwenda kwa mtu yeyote duniani amelala kwa mtu. Tena usingizi mzito. Hata kwake hakuwahi kulala vile.

"Mlete," alisema.

"Ameshikilia mfuko, wifi. Ukimtoa ataamka."

"Nimesema mlete." Akanyoosha mikono, akaiona. Ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Akaenda bombani, akajisugua kwa sabuni ya unga kwa pupa, macho hayatoki kwa mwanawe. Wifi akamfuata polepole, mzigo kifuani, akasimama karibu.

"Nilijua uko pale," wifi akasema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Mkanda. Si mimi ninayefua nepi? Niliuona siku ile ile ulipouweka."

Mama akaacha kujisugua. "Na ukanyamaza? Ukaacha mpaka mkono unachunika?"

"Ningeutoa ungesema nimekupekua. Na tena ni wako." Akamrekebisha Bosi begani. "Mimi sikuja kukunyang'anya kazi yako kwa kaka, wifi. Nilikuja kulea. Huyu ndiye aliyenifukuza."

Mama akauchukua mkono wenye kitambaa, akaufungua, akauosha taratibu kwa maji safi, kifundo kwa kifundo, wifi akivuta pumzi kwa meno kwa uchungu. Huko nyuma Fundi alikuwa tayari ameing'oa pampu ya zamani na kumwonyesha dereva mahali ilipokuwa ikivujia, na dereva akiieleza kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua.

"Mama Bosi!" Fundi akaita. "Njoo tufunge hii mpya!"

Hakuitika. Akasubiri.

Fundi akakohoa. "Kamata!"

"Nakuja!"

Akajifuta mikono. Hatua chache akasimama, akarudi.

"Hiyo ovaroli baki nayo, uvae ukiwa naye. Usiifue. Mimi nitajishonea nyingine, pana."

"Sawa, wifi."

"Akiamka, mlete haraka. Usisubiri alie."

"Sawa."

"Na ule wimbo ninaomwimbia akilala, usimwimbie. Ule ni wangu."

"Hata siujui, wifi."

"Vizuri," mama alisema, akaenda kukamata.